Folda ya Pamoja Ikigoma Kufunguka: Pima Kabla ya Kugusa

Kompyuta ikishindwa kufungua folda iliyoko kwenye kompyuta nyingine ya ofisini, wengi hukimbilia njia tatu za mkato: kuzima fayawoli, kumpa kila mtu ruhusa ya kila kitu, na kuwasha SMB1, yaani toleo kongwe la itifaki ambayo kompyuta za Windows huitumia kupeana mafaili. Njia hizi zimeenea kwa sababu mara nyingi zinafanikiwa. Folda hufunguka, fundi hulipwa, kazi inaendelea. Lakini kufunguka huko hakuthibitishi chochote. Ukibadilisha mambo matatu kwa mkupuo na folda ikafunguka, hujui ni lipi lililokuwa tatizo, na yale mawili mengine umeyaacha wazi bure. Wiki mbili baadaye folda ikigoma tena, unakuwa huna hata kitu cha kuzima. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: vipimo vichache, visivyobadilisha mpangilio hata mmoja, vinatosha kukuonyesha tatizo liko wapi, na karibu kila mara marekebisho yanayohitajika ni madogo kuliko hizo njia tatu.

Tuchukue ofisi ndogo ya kawaida, iwe ya wakili, zahanati au shule: kompyuta sita za Windows 10 na 11, hakuna seva rasmi, na folda ya kazi imewekwa kwenye kompyuta ya mhasibu iliyopewa jina HESABU. Asubuhi moja kompyuta ya mapokezi inatoa ujumbe kwamba haiwezi kuifikia \\HESABU. Ili folda ifunguke, mambo matano lazima yatimie kwa mfuatano: kompyuta zote mbili ziwe kwenye mtandao mmoja, jina HESABU ligeuzwe kuwa anwani, mlango wa huduma uwe wazi, HESABU imtambue anayekuja, na huyo aliyetambuliwa awe na ruhusa kwenye folda yenyewe. Mgeni ambaye bado hajaijua njia ya kufika mtaani hawezi kulalamika kwamba amenyimwa chumba. Kila hatua inategemea iliyotangulia, kwa hiyo ukipata jibu la “hapana” mahali fulani, huna haja ya kuhangaika na hatua za mbele yake. Fundi anayeanza kuhariri ruhusa za folda kabla ya kujua kama kompyuta mbili zinaonana anabahatisha tu.

Swali la kwanza halihitaji amri yoyote: nani mwingine ameshindwa? Kama kompyuta zote tano zimekwama, iache ile ya mapokezi uende kwenye HESABU. Huenda umeme ulikatika usiku na hakuna aliyeiwasha, au imelala yenyewe kwa mpangilio wa kuokoa umeme, jambo linalotokea sana pale kompyuta ya mtu mmoja inapogeuzwa kuwa ghala la wote. Kama ni kompyuta moja tu iliyokwama na nyingine zinafungua bila shida, basi HESABU ina ushahidi wa kutosha wa kujitetea. Kwa nini basi umwinue mhasibu kwenye kiti chake?

Sasa njia. Kwenye kompyuta iliyokwama fungua dirisha la amri, andika ipconfig, kisha soma anwani ya IPv4. Fanya hivyo hivyo kwenye HESABU. Katika mitandao mingi midogo namba tatu za mwanzo zinapaswa kufanana: 192.168.1.20 na 192.168.1.35 ni majirani, lakini 192.168.1.20 na 192.168.100.8 wako mitaa miwili. Tofauti ya aina hiyo hutokea ofisi inapofunga rauta mpya ya faiba bila kuondoa ile ya zamani, kisha baadhi ya kompyuta zikashika waifai ya mpya na nyingine zikabaki kwenye kebo ya zamani. Intaneti inapatikana pande zote mbili, ndiyo maana watu huapa kwamba “mtandao uko sawa”. Intaneti kupatikana na kompyuta kuonana ni mambo mawili tofauti. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta haikupewa anwani na rauta, ikajipa yenyewe. Angalia kebo, swichi au waifai. Na ikiwa kompyuta ya mapokezi imeunganishwa kwenye waifai ya wageni, anwani zinaweza hata kufanana na bado zisionane, kwa sababu rauta nyingi huwatenganisha wageni kwa makusudi.

Hatua ya jina ndiyo inayowapotosha wengi, ingawa kuipima ni rahisi kuliko zote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\ ukifuatisha anwani ya HESABU badala ya jina lake, mfano \\192.168.1.20, kisha bonyeza Enter. Folda zikitokea na ile ya kazi ikafunguka, umeshajua: njia ipo, mlango uko wazi, utambulisho na ruhusa viko sawa, ila jina peke yake ndilo halipatikani. Jaribio moja limefuta hatua nne. Dawa yake ni kuzuia anwani ya HESABU isibadilike, kwa kuitengea anwani maalumu ndani ya rauta, kisha kuunganisha folda kwa anwani hiyo. Hapa nitaongeza la pembeni: kutoiona HESABU kwenye orodha ya mtandao upande wa kushoto wa kidirisha cha mafaili hakuna uzito wowote. Orodha ile hujazwa na huduma nyingine kabisa, ya kompyuta kujitangaza, na kompyuta isiyojitangaza bado inaweza kufunguliwa vizuri ukiandika anwani yake. Watu hupoteza saa nzima wakitafuta ikoni wasiyoihitaji.

Anwani nayo ikikataa, pima mlango. Mafaili ya pamoja ya Windows hupita kwenye mlango namba 445. Wengi hutumia ping, na jibu la ping ni habari njema, lakini kimya chake si ushahidi, kwa kuwa fayawoli inaweza kuzuia ping huku ikiruhusu mafaili, au kufanya kinyume chake. Kipimo cha kuaminika ni kuuliza mlango wenyewe: fungua PowerShell uandike Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445. Mstari wa mwisho ukisema True, mlango uko wazi, na hapo hakuna sababu yoyote duniani ya kuzima fayawoli. Ukisema False ilhali anwani zinaonyesha mtandao mmoja, nenda kwenye HESABU uangalie kwanza aina ya mtandao iliyochaguliwa. Windows huupa kila mtandao tabia moja kati ya mbili, “Public” au “Private”. Ule wa kwanza umekusudiwa kwa hoteli na viwanja vya ndege, na humo kushea mafaili hufungwa. Rauta ikibadilishwa, Windows huuona mtandao kuwa mgeni na aghalabu huuweka kwenye hali hiyo ya kwanza. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha malalamiko ya “jana ilikuwa inafanya kazi”. Badilisha iwe “Private”, washa kushea mafaili na printa katika hali hiyo, kisha pima tena. Kama HESABU ina antivirusi ya kununua, kumbuka kwamba nyingi kati yake huja na fayawoli yao, na mpangilio wa Windows hauzigusi.

Mtu wa haraka atasema: haya yote ya nini, si nizime fayawoli nione? Kuizima kwa dakika moja, ukiwa umekaa hapo hapo, ni kipimo halali. Ikizimwa na folda ikafunguka, umejua kwamba kuna kanuni inayozuia; iwashe tena uitafute. Ubaya wa tabia hii ni dakika ya pili. Fayawoli iliyozimwa haimkumbushi mtu kwa nguvu, fundi anaondoka, na mashine yenye hesabu za ofisi inabaki bila mlinzi kwa miaka. Zaidi ya hapo, kipimo cha mlango 445 kinakupa jibu lile lile bila kuzima kitu. Pakiwa na njia mbili za kujua jambo moja, sioni kwa nini tuchague ile yenye hatari.

Mlango ukiwa wazi na bado umekataliwa, umefika kwenye utambulisho, na hapa ndipo palipo na matatizo mengi na maelezo machache. HESABU haimjui mtu wa mapokezi kwa sura. Inataka jina la mtumiaji na nenosiri vilivyosajiliwa ndani ya HESABU yenyewe. Namba ya siri fupi, ile PIN ambayo watu huingilia asubuhi, haisafiri kwenye mtandao hata kidogo. Imefungwa kwenye mashine yake, kwa hiyo ukiiandika kwenye kidirisha cha nenosiri utakataliwa hata ukiirudia mara mia. Kama akaunti iliyoko HESABU ni ya Microsoft, kinachotakiwa ni nenosiri la akaunti hiyo, ambalo mara nyingi mwenyewe ameshalisahau kwa sababu ya PIN. Akaunti isiyo na nenosiri kabisa nayo hukataliwa: kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, akaunti ya namna hiyo inaweza kutumika tu na mtu aliyekaa mbele ya mashine. Suluhisho safi ni kutengeneza ndani ya HESABU akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, kwa ajili ya mafaili tu, na kuipa nenosiri. Kwenye kompyuta ya mapokezi andika jina kwa ukamilifu wake, HESABU\mafaili, ili Windows isidhani unamaanisha akaunti ya mapokezi.

Kisa kingine cha utambulisho ni nenosiri la zamani lililohifadhiwa. Mhasibu amebadilisha nenosiri Jumatatu. Kompyuta ya mapokezi bado inapeleka lile la mwaka jana kimyakimya, bila hata kukuuliza. Unaweza kudhani mtandao umekufa kumbe ni kumbukumbu inayokusaliti. Fungua Credential Manager katika paneli ya mipangilio, futa kila kilichoandikwa HESABU, kisha jaribu upya. Ukikutana na kosa namba 1219, maana yake tayari umeunganishwa na HESABU kwa jina jingine, na Windows haikubali mtumiaji mmoja aingie kwenye kompyuta ile ile kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Andika net use uone miunganisho iliyopo, ukate ile ya zamani. Namba za makosa, kwa jumla, ni marafiki wanaodharauliwa: 0x80070035 inasema njia au jina halikupatikana, 1326 inasema jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi, 5 inasema umetambuliwa lakini huna ruhusa. Ni majibu matatu ya hatua tatu tofauti, na anayeyasoma hupunguza kazi kwa nusu. Anayefunga dirisha kabla hajasoma huanza upya kila mara.

Yupo atakayepinga akisema ofisi ya watu sita haihitaji majina na manenosiri, na kwamba zamani folda ilikuwa wazi kwa wote bila matata. Ni kweli, zamani ilikuwa hivyo. Kompyuta iliyokosa utambulisho iliruhusiwa kuingia kama mgeni. Lakini Microsoft imekuwa ikiufunga mlango huo kidogo kidogo. Tangu Windows 10 toleo la 1709 lililotoka Oktoba 2017, matoleo ya mashirika na ya elimu yalikataa kuingia kama mgeni kwenye kompyuta nyingine. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka 2024, likafikisha katazo hilo kwenye Windows 11 Pro, na pia likaanza kudai kila mazungumzo ya mafaili yawe na saini ya kidijitali. Mgeni asiye na nenosiri hawezi kutia saini. Ndiyo maana ofisi inayonunua laputopu moja mpya hukuta laputopu hiyo pekee ndiyo iliyogoma, huku zile kuukuu zikiendelea kufungua, na lawama humwangukia muuza duka. Laputopu ni nzima. Inakataa kufanya jambo ambalo nyingine zilipaswa kuwa zimeshaacha. Mitandaoni utakuta maelekezo ya kulegeza kanuni hiyo, na yanafanya kazi; lakini kutengeneza akaunti moja yenye nenosiri huchukua muda ule ule, na hakutavunjwa na sasisho lijalo.

Hatua ya mwisho ni ruhusa, na fumbo lake lina ufunguo mmoja. Folda ya pamoja ina tabaka mbili za ruhusa: ile ya kushea, inayohusu wanaokuja kwa mtandao, na ile ya diski, inayomhusu kila mtu. Anayekuja kwa mtandao hupimwa kwa zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayotawala. Ukimpa mtu uhuru wote kwenye tabaka la kushea na diski ikasema asome tu, atasoma tu. Kwa sababu hiyo mafundi wazoefu hulegeza tabaka la kushea kwa kila aliyetambuliwa na kubana kwenye diski, ambako udhibiti ni wa kina zaidi. Utaratibu huo hauna ubaya wowote. Kinacholeta madhara ni kulegeza tabaka zote mbili kwa sababu hukujua ni ipi iliyokuwa inazuia. Na kama folda inafunguka lakini faili moja tu linakataa, uliza lilifikaje pale. Faili lililohamishwa kutoka folda nyingine ya diski ile ile huja na ruhusa zake za zamani. Lililonakiliwa hupokea ruhusa za folda lilipoingia. Linakili upya, ufute la mwanzo, na mara nyingi shauri limekwisha.

Sijaigusa SMB1 kwa sababu haimo katika hatua hizi, na hapo ndipo penye hoja. Hutahitaji kuiwasha ili kompyuta mbili za Windows 10 au 11 zipeane mafaili. SMB2 ilikuja na Windows Vista, na kompyuta zote zinazouzwa leo zinaielewa hiyo na warithi wake. Windows 10 iliacha kuisakinisha SMB1 kwa kawaida tangu lile toleo la 1709, na sababu ilikuwa bado mbichi: mnamo tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilianza kuenea ulimwenguni kupitia kasoro ya SMB1, kwa mlango ule ule wa 445, bila mtu kubofya kitu. Iliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili na kudai fidia. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kasoro hiyo mwezi Machi mwaka ule ule. Atakayesema ofisi yake ni ndogo mno kiasi cha kushambuliwa atazame jinsi programu ile ilivyofanya kazi: haikuchagua mtu, iligonga kila mlango uliokuwa mbele yake. Laputopu moja iliyoambukizwa nyumbani na kuletwa ofisini ilitosha.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwenye mashine kuukuu ya fotokopi inayoskani na kutuma nyaraka kwenye folda, na ambayo haijui lugha nyingine isipokuwa SMB1. Mwenye ofisi hawezi kuambiwa atupe mashine ya mamilioni. Tazama kwanza kama mtengenezaji ametoa sasisho la programu ya ndani ya mashine, kwani baadhi ya mifano iliongezewa matoleo mapya. Likikosekana, mashine nyingi za aina hiyo zinaweza kutuma kwa barua pepe, kwa FTP au kuhifadhi kwenye flashi. Hata hivyo, ikiwa SMB1 haikwepeki, iwashe kwenye kompyuta moja isiyo na mafaili ya thamani, iwe kituo cha kupokea tu, na wala isiwe HESABU. Hasara ikitokea itaishia hapo.

Wengine watauliza kwa nini tusihamishie kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni na kuachana na milango hii. Kwa nyaraka za kawaida ni ushauri mzuri, hasa kwa watu wanaofanya kazi wakiwa safarini. Lakini programu nyingi za uhasibu hutunza data kwenye faili moja linaloandikwa na kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja, na kulisawazisha faili kama hilo kupitia intaneti ni kukaribisha nakala zinazogombana. Ofisi inayoskani picha kubwa kila siku nayo itatafuna bando bila sababu, ilhali mapokezi na uhasibu wametenganishwa na ukuta mmoja. Na hata huko mtandaoni, maswali ya utambulisho na ruhusa yatakungoja pale pale. Umeondokana na kebo tu.

Kuna kikomo kimoja ambacho hakuna kipimo kitakachokitibu. Windows ya kawaida, isiyo ya seva, inapokea miunganisho isiyozidi 20 kwa wakati mmoja. Ofisi ikikua, kompyuta moja asubuhi itafungua na nyingine itaambiwa kwamba HESABU haiwezi kupokea zaidi. Mchana itakuwa kinyume, kulingana na nani aliwahi. Hapo mipangilio haina kosa. Kinachohitajika ni kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, iwe hifadhi ya mtandao ya kununua au kompyuta kuukuu yenye Linux na programu huria ya Samba, ambayo haina kikomo hicho, na mhasibu arudishiwe mashine yake.